MAHALI KAMA SHAHIDI: MANDHARI HALISI KATIKA KIONJO CHA FILAMU YA TAHARUKI YA WANAFUNZI

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeyatazama mandhari kama chombo cha kubebea mambo mengine. Mwanafunzi anapotakiwa kueleza mandhari ya riwaya, aghalabu hutaja mji, kijiji na kipindi, kisha akaharakia wahusika na dhamira, kana kwamba mahali ni kigoda tu cha kukalishia hadithi. Mazoea haya yanaweza kusameheka darasani, ambako mahali ni maneno yaliyo kwenye ukurasa. Hayasameheki pale mwanafunzi huyo huyo anapochukua kamera na kutoka nje kwenda kupiga picha za hadithi aliyoitunga mwenyewe. Huko nje mahali hapawezi kurukwa. Pana jua lake, kelele zake, milango yake na wenyeji wake, na yote hayo huingia katika picha, yawe yametakiwa au hayakutakiwa.

Makala haya yananuia kuchunguza kazi ya mahali katika utanzu mmoja mdogo ambao haujatiliwa maanani sana na wahakiki: kionjo cha filamu ya taharuki, hasa kile kinachotungwa na wanafunzi na kupigwa katika mandhari halisi, nje ya studio. Kionjo, ambacho vijana wengi hukiita trela, ni filamu fupi isiyopita kwa kawaida dakika mbili na nusu. Lengo lake ni kumwonjesha mtazamaji hadithi ndefu ili atamani kuiona yote. Katika vyuo na shule zinakofundishwa filamu, wanafunzi huweza kupewa zoezi la kutunga kionjo hata pale ambapo filamu yenyewe haipo wala haitakuwapo. Zoezi hilo huonekana jepesi. Hoja ya makala haya ni kwamba si jepesi hata kidogo, na kwamba ubora wake waweza kupimwa kwa swali moja: je, onyesho hili lingeweza kuhamishiwa mahali pengine bila ya kupoteza chochote? Ikiwa lingeweza, basi mahali pametumiwa kama pazia. Ikiwa halingeweza, mahali pamekuwa shahidi wa hadithi.

Ili kulijadili dai hili zitarejelewa kazi nne: kionjo cha Psycho (1960) ya Alfred Hitchcock, El Mariachi (1992) ya Robert Rodriguez, Following (1998) ya Christopher Nolan, na Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga. Kazi ya kwanza ni ya bwana aliyekwisha kubobea, nayo imeteuliwa kwa sababu inaonyesha kionjo kinaweza kuwa nini. Mbili zinazofuata ni za vijana waliotoka vyuoni na waliokuwa na fedha kidogo. Ya nne ni zao la warsha ya mafunzo iliyofanyika Kenya.

Taharuki na Mahali

Katika makala yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za hadithi za upelelezi, Tzvetan Todorov alitofautisha njia mbili za kuishika hamu ya msomaji. Ya kwanza ni udadisi, ambao hutoka kwenye tokeo kwenda kwenye sababu: maiti imekwisha kuonekana, na msomaji anataka kujua ni nani aliyeua. Ya pili ni taharuki, ambayo hutoka kwenye sababu kwenda kwenye tokeo: majambazi wanaonekana wakijiandaa, na msomaji anangoja kwa hofu yatakayotukia. Todorov alikuwa akizungumzia vitabu, lakini tofauti hii inaingia katika filamu bila taabu, na inasaidia kuonyesha kwamba mahali pana kazi katika njia zote mbili. Katika udadisi, mahali ndipo palipobaki alama: doa, nyayo, ufunguo ulioachwa mlangoni. Katika taharuki, mahali ndipo hatari itakapopitia: ngazi, kona, dirisha lisilofungika.

Jambo hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Riwaya ya Mohamed Said Abdulla iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960 haikupewa jina la mpelelezi wake, Bwana Msa, wala la marehemu. Ilipewa jina la mahali, Mzimu wa Watu wa Kale, ndipo maiti ilipokutwa. Kisima cha Giningi (1968) nayo ilichukua jina la mahali. Uteuzi huu haukuwa wa sadfa. Mzimu ni mahali panapoogopwa kabla hadithi haijaanza. Mwandishi aliazima hofu iliyokuwapo tayari, kisha akaisimamisha mbele ya akili ya mpelelezi asiyeamini ila ushahidi. Lau maiti hiyo ingekutwa katika chumba cha hoteli, pambano hilo baina ya hofu na akili lingetoweka, na riwaya ingebaki kuwa kesi ya mauaji tu. Swali lililoulizwa katika utangulizi, basi, lina jibu hapa: hadithi haihamishiki.

Mikhail Bakhtin, aliyeandika juu ya muungano wa wakati na mahali katika riwaya, alionyesha kwamba baadhi ya mahali hubeba aina yake maalumu ya wakati. Barabara ni mahali pa makutano ya ghafla. Kizingiti ni mahali pa uamuzi ambao hauwezi kurudishwa nyuma. Mwanafunzi wa filamu anaweza kunufaika na wazo hili kabla hata hajaigusa kamera. Anapochagua ukumbi mrefu wenye milango pande zote, huwa amekwisha kuchagua namna muda utakavyokwenda katika onyesho lake.

Kionjo: Ahadi na Siri

Kionjo ni utanzu wenye mgongano ndani yake. Kinatakiwa kufichua ili kivutie, na kinatakiwa kuficha ili kisiharibu. Kwa filamu ya taharuki mgongano huu ni mkali zaidi, kwa kuwa thamani ya hadithi yenyewe imo katika kile ambacho mtazamaji hajakijua. Wanafunzi wengi hujaribu kuutatua kwa kuongeza kasi: picha nyingi fupi, mtu akikimbia, mlango ukibamizwa, kisu, giza, muziki unaopanda hadi kukatika ghafla. Mtazamaji husisimka kwa dakika moja na kusahau kwa dakika ya pili, kwa sababu alichoonyeshwa ni dalili za taharuki, wala si taharuki.

Hitchcock aliutatua kwa njia nyingine. Katika kionjo cha Psycho, chenye urefu wa dakika sita na ushei, karibu hakuna onyesho lolote la filamu. Mwelekezi mwenyewe anatembea katika uwanja wa filamu na kumzungusha mtazamaji kama mwenyeji anayemtembeza mgeni. Anaionyesha moteli, anapanda hadi kwenye nyumba iliyo nyuma yake, anaashiria ngazi ambapo tendo la kutisha lilitokea, anaanza kueleza na kukatiza sentensi kana kwamba ameona haya. Kisha anafika bafuni, anaeleza namna palivyosafishwa, anavuta pazia, na hapo tu ndipo unaposikika ukelele wa mwanamke.

Mafunzo ya kionjo hiki ni mawili. Kwanza, mahali patupu panaweza kusimulia. Ngazi ambayo mtazamaji ameambiwa kwamba mtu alikufa hapo haiwi tena ngazi ya kawaida, hata kama hakuna aliyeonekana akianguka. Pili, siri haikulindwa kwa kuficha mahali bali kwa kuficha tendo. Hitchcock alitoa kila kitu isipokuwa kilichotendeka. Ni kweli kwamba moteli ile ilijengwa mahususi kwa filamu, wala haikuwa mahali halisi penye wenyeji. Lakini hilo linaifanya hoja kuwa nzito zaidi: ikiwa mahali pa kubuni panaweza kutoa ushahidi kiasi hicho, mahali penye historia ya kweli pana mengi zaidi ya kusema.

Mahali Pakitunga Hadithi

Mfano unaofaa zaidi kwa mwanafunzi ni El Mariachi. Katika kiangazi cha 1991 Robert Rodriguez, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alivuka mpaka hadi Ciudad Acuña, mji wa Meksiko ulio ng'ambo ya mto kutoka Del Rio. Alikuwa na kamera ya kuazima ya filamu ya milimita 16, na bajeti yake ilifikia dola 7,000 hivi. Sehemu ya fedha hizo alizipata kwa kujitolea kujaribiwa dawa katika kituo cha utafiti. Rafiki yake Carlos Gallardo, aliyeigiza mhusika mkuu, alikuwa mwenyeji wa Acuña.

Lililo muhimu kwa uhakiki ni utaratibu walioufuata. Hawakuandika hadithi kwanza kisha wakatafuta mahali pa kuipigia. Walianza kwa kuorodhesha vitu walivyoweza kuvipata bila malipo: mji mdogo, basi, mbwa, baa, kasha la gita. Hadithi ikatungwa kutokana na orodha hiyo. Mwanamuziki mmoja anaingia mjini na kasha lenye gita kutafuta kazi. Siku hiyo hiyo anaingia mwuaji aliyevaa nguo nyeusi kama zake, naye kasha lake limejaa bunduki. Mji ni mdogo, na watu wa mkuu wa genge hawamjui mwuaji kwa sura. Kutokana na hali hiyo ndogo kinazuka kinaya chote cha filamu: chombo cha sanaa na chombo cha mauti vimebebwa katika kasha la namna moja. Hapa mahali hapakuivika hadithi nguo. Mahali ndipo palipoizaa.

Fani nayo ilitokana na hali ya mahali. Kamera iliyoazimwa ilikuwa na kelele, hivyo sauti haikuweza kunaswa sambamba na picha. Waigizaji walirudia maneno yao baada ya picha kupigwa, na pale midomo ilipoacha kuafikiana na sauti, mhariri alikatia kwenye picha nyingine. Bunduki za kweli zilizoazimwa kwa polisi wa mji zilikwama kila baada ya risasi baridi moja, kwa hiyo mapigano yalipigwa vipande vipande kutoka pembe mbalimbali na kuungwa baadaye. Kiti cha magurudumu kilitumiwa kusukumia kamera. Kobe alipoonekana barabarani, akaingizwa kwenye filamu, akitembea karibu na mwanamuziki aliyekosa usafiri. Mtazamaji asiyejua haya huona mtindo wa kasi na ucheshi. Anayejua huona jinsi upungufu ulivyogeuzwa kuwa mtindo.

Kionjo nacho kina nafasi yake katika historia ya filamu hii. Rodriguez alikusudia kuiuza katika soko la kanda za video za Kihispania, wala hakutarajia ionyeshwe katika majumba ya sinema. Alitayarisha kionjo kifupi, akampa wakala mmoja wa Hollywood pamoja na filamu yake ya wanafunzi, Bedhead (1991). Kionjo ndicho kilichomvutia wakala huyo, na njia iliyofunguka hapo ikaifikisha filamu kwenye kampuni ya Columbia. Mwaka 1993 ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa niaba ya taifa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Dakika chache zilizokatwa vyema zilikuwa zimefanya kazi ambayo barua za maombi zisingeifanya.

Christopher Nolan alipitia njia iliyofanana na hiyo mjini London. Alikuwa amesoma fasihi ya Kiingereza katika University College London, na huko ndiko alikojifunza kupiga filamu katika chama cha wanafunzi. Following ilipigwa kwa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 16 katika muda wa mwaka mzima hivi, kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa na kazi nyingine na waliweza kukutana siku za Jumamosi tu. Walifanya mazoezi mengi ili kila picha ipigwe mara moja au mbili, kwani utepe ulikuwa ghali. Mwanga ulikuwa ule uliopatikana dirishani. Nyumba ya wazazi wa Nolan ilitumiwa kama nyumba inayovunjwa.

Hadithi ya Following inahusu kijana anayejidai kuwa mwandishi, ambaye huwafuata watu asiowajua barabarani ili apate mambo ya kuandika, hadi anapokutana na mwizi anayeingia majumbani mwa watu ili kuyajua maisha yao kwa kutazama vitu vyao. Mwizi huyu ni msomaji wa mandhari. Anasoma rafu ya vitabu, kasha la kumbukumbu lililofichwa, viatu vilivyo mlangoni, na kutokana na hivyo anajenga wasifu wa mtu ambaye hajamwona. Kwa maneno mengine, anafanya kile ambacho mwelekezi anayetafuta mahali pa kupigia filamu anapaswa kufanya. Filamu yenyewe inatoa onyo pia: anayeingia mahali pa watu akidhani kwamba yeye ndiye msomaji anaweza kugundua, akiwa amechelewa, kwamba alikuwa akisomwa.

Mahali na Wenyeji Wake

Onyo hilo linaurudisha mjadala nyumbani, kwa kuwa swali la mahali katika filamu ya taharuki ya Kenya si la kisanaa pekee. Ni swali la haki pia. Kionjo, kwa sababu ya ufupi wake, huhitaji alama zinazoeleweka upesi. Alama ya upesi kuliko zote katika picha za taharuki za mjini ni mtaa wa watu maskini: kichochoro, mabati, maji machafu, kijana aliyevaa kofia. Kikundi cha wanafunzi kinaweza kushuka mtaani asubuhi moja, kikapiga picha kumi za namna hiyo, kikarudi chuoni jioni na kionjo kilichokamilika. Wakazi wa mtaa huo watakuwa wamegeuzwa dalili ya uhalifu bila ya kuulizwa, na bila ya mmoja wao kupewa jina wala neno.

Nairobi Half Life inafaa kutazamwa hapa kwa kuwa nayo inaingia katika vichochoro hivyo hivyo. Filamu hii ilitokana na warsha ya One Fine Day Films, ambayo mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kupendekezwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mhusika wake mkuu, Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anaanza hadithi akiwa kijijini akiuza diski za filamu. Ili kuwavutia wanunuzi anawaigizia maonyesho ya filamu anazoziuza, kwa sauti na viungo. Anachokifanya ni kionjo cha mdomo. Yeye ni fanani wa jadi aliyepewa bidhaa mpya, na anajua kanuni ya utanzu wake: onyesha kiasi cha kumfanya mtu afungue mkoba, kisha nyamaza.

Mwas anafika Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa, anatiwa mahabusu, na hatimaye anajiunga na genge linaloiba sehemu za magari. Wakati huo huo anapata nafasi katika mchezo wa kuigiza. Filamu inamweka katika mahali pawili, jukwaani na kichochoroni, na kukataa kukiri kwamba mojawapo ndipo penye Mwas wa kweli. Hata wizi wenyewe umefungamana na mahali. Anayeiba kioo cha pembeni cha gari anaiba kwa sababu lipo duka litakalokinunua, na lipo duka kwa sababu wapo wenye magari wanaotaka vipuri vya bei nafuu, pengine wakinunua tena kile walichoibiwa wenyewe. Uhalifu hapa una ramani, na ramani hiyo inapita hata katika mitaa ya wenye nazo.

Hapa ndipo nadharia ya Todorov inapokutana na maadili. Ikiwa taharuki hutoka kwenye sababu kwenda kwenye tokeo, basi mtunzi wa taharuki ana wajibu wa kuonyesha sababu. Mtaa unaoonyeshwa kama rangi ya uhalifu hauna sababu. Una sura tu. Mtaa unaoonyeshwa ukinunua, ukiuza, ukicheka, ukiogopa na ukilipa hongo una sababu, na mtazamaji anaweza kuogopa pamoja na wakazi wake badala ya kuwaogopa wakazi hao. Kosa la kiusanii na kosa la haki, kwa hiyo, ni kosa moja. Kichochoro cha mazoea kinaweza kuhamishiwa mji wowote duniani bila ya kupoteza chochote, na kwa sababu hiyo hiyo hakiwatendei haki watu wa mji wowote.

Masharti ya Kazi Nje ya Studio

Mahali halisi hapatoi maana bila ya kudai malipo yake. Katika nchi iliyopitiwa na ikweta, jua la mchana huwa karibu na utosi na kuyatia macho ya mwigizaji kivuli kizito. Machweo nayo ni mafupi. Mjini Nairobi, baada ya jua kuzama, mwanga unaofaa kwa onyesho la magharibi hudumu kama dakika ishirini tu. Kikundi kinachofika saa kumi na mbili jioni na kuanza kubishana juu ya mahali pa kuiweka kamera kitaipata giza kabla hakijapiga picha ya pili. Aliyefika jana yake saa hiyo hiyo, bila kamera, akatazama kivuli kilipoangukia, ndiye atakayefaulu.

Sauti ina masharti yake pia. Kila mahali pana ukimya wake, na ukimya wa ukumbi wa mihadhara si ukimya wa shamba la chai. Mwenye busara hunasa dakika nzima ya ukimya huo kabla ya kuondoka, ili mhariri aweze kuunganisha vipande bila ya mtazamaji kusikia mishono. Katika kionjo cha taharuki ukimya huo una thamani kuliko ngoma. Honi ya matatu iliyosikika mbali, kisha ikakoma, inaweza kumwambia mtazamaji kwamba msaada umepita.

Kuna pia sharti la usalama na la kisheria. Bastola ya kuchezea inaonekana ya kweli kwa mpita njia asiyeiona kamera, na inaweza kuonekana ya kweli kwa askari pia. Katika mji ulioshuhudia mashambulizi ya mwaka 1998 na ya 2013, kelele za risasi za kuigiza si mchezo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, imekuwa ikidai leseni kwa filamu inayokusudiwa kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Wanafunzi wengi huyaona masharti haya kuwa usumbufu. Hata hivyo, mazungumzo na mwenye duka, mlinzi wa lango au mzee wa mtaa ndiyo utafiti wenyewe. Katika mazungumzo hayo ndimo mtunzi anamosikia ni mlango gani haufunguliwi baada ya saa moja usiku, na kwa nini. Asiyeomba ruhusa hupata picha. Aliyeomba anaweza kupata hadithi.

Chukuliwe mfano wa mahali ambapo kila mwanafunzi anaweza kupafikia: maktaba ya chuo wakati wa kufungwa. Taa zinazimwa safu kwa safu kutoka nyuma. Mwanafunzi wa mwisho anafungua kitabu na kuona, kwenye karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada, kwamba kimeazimwa mara moja tu, na siku ya kukirejesha ni siku ya kesho yake. Anatazama nafasi ya kitabu hicho rafuni: vumbi halijaguswa. Taa ya safu yake inazimwa. Katika kionjo hiki hakuna kisu, hakuna anayekimbia, wala hapana mtaa uliosingiziwa. Kila alama imetoka mahali penyewe: karatasi, muhuri, vumbi, utaratibu wa kuzima taa. Kijaribiwe kuhamishiwa sokoni au kituoni, kitakufa papo hapo.

Pingamizi

Mhakiki anaweza kudai kwamba kionjo ni tangazo la biashara na hakistahili kupimwa kwa vigezo vya fasihi. Dai hili lina ukweli kiasi kuhusu vionjo vya makampuni makubwa, ambavyo mara nyingi hukatwa na watu wasiohusika na utunzi wa filamu. Halina nguvu kuhusu kionjo cha mwanafunzi. Pale ambapo filamu ndefu haipo, kionjo hakitangazi kitu kingine. Chenyewe ndicho kazi nzima, na ahadi yake ndiyo maudhui yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Yawezekana kusemwa kwamba kuisifu El Mariachi ni kuusifu ufukara, na kuwafariji wanafunzi wasio na vifaa kwa hadithi ya bahati ya mtu mmoja. Ni kweli kwamba kabla ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema filamu hiyo ilihamishiwa kwenye utepe mkubwa na kusafishwa sauti kwa fedha za kampuni, zilizozidi mbali zile za kuipigia. Ni kweli pia kwamba Acuña ilitoka katika filamu hiyo ikiwa mji wa magenge, na mwenyeji wake anaweza kulalamika kwa haki. Makala haya hayadai kwamba uhaba ni neema. Yanadai kwamba mahali si kifaa cha kununuliwa, kwa hiyo ni fungu pekee la filamu ambalo mwanafunzi maskini na kampuni tajiri wanaweza kulifikia kwa usawa, mradi mwanafunzi awe amepaishi kabla ya kupapiga picha.

Hitimisho

Imebainika kwamba katika kionjo cha filamu ya taharuki mahali pana kazi tatu: huhifadhi alama za lililotendeka, hufungua njia za litakalotendeka, na huonyesha sababu za yote mawili. Hitchcock alitumia mahali patupu kulinda siri. Rodriguez aliiacha orodha ya vitu vya mji mmoja impe hadithi. Nolan alimfanya msomaji wa mandhari kuwa mhusika. Gitonga aliipa Nairobi ramani ya uhalifu bila ya kuwanyima watu wake utu. Mohamed Said Abdulla alikuwa amekwisha kuijua kanuni hiyo kabla yao wote isipokuwa Hitchcock, aliyekuwa mwenzake wa wakati mmoja.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba zoezi la kionjo lisianzie kwenye muswada wala kwenye kamera. Lianzie kwenye ukurasa mmoja wa maelezo ya mahali pamoja ambapo mwanafunzi anapajua vyema, pamoja na majina ya watu wanaopatumia na saa wanazopatumia. Simu ya mkononi siku hizi inaweza kupiga picha ambayo Rodriguez mwaka 1991 asingeipata kwa kamera yake ya kuazima. Kilichobaki kuwa adimu ni jicho la kuketi mahali hadi mahali paseme. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi anayeingia mtaani na kamera ni mgeni. Baada ya kionjo chake kuonyeshwa, yafaa aulizwe kama mwenyeji amepona au amejeruhiwa.